Vidonge Kwenye Pindo la Kanga

Mama yangu alikuja Nandagala na mfuko mmoja wa salfeti, kuku wawili waliofungwa miguu, na nia moja tu: safari hii nisife. Hakuisema hivyo. Alisema amekuja kumwona mjukuu wake. Lakini kabla hata hajanywa maji aliniuliza vidonge vya kliniki viko wapi. Nilimwonyesha bahasha ya plastiki juu ya kabati, akaichukua, akavimimina vidonge vyote kwenye pindo la kanga yake, akapiga fundo, akalichomeka kiunoni. Tangu siku hiyo vidonge vyangu vya damu havikuwa vyangu tena.

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Kila jioni baada ya kula mama alilifungua lile fundo kwa kucha na meno, akatoa kidonge kimoja chekundu, akanipa na kikombe cha maji, akasimama mbele yangu mpaka nimeze. Halafu alisema, "Fungua kinywa." Mimi, mwalimu wa darasa la nne, mwanamke mwenye mume na mtoto, nilifungua kinywa na kuinua ulimi, na mama aliinama kuchungulia kama anayetafuta jino bovu. Mume wangu alikuwa anainuka na kwenda kucheka nje.

Nilikasirika, nisidanganye. Kuna jioni nilimjibu vibaya mpaka nikaona haya. Ila sikuwa na la kumwambia lenye uzito, maana sote wawili tulijua ilikuwaje mara ya kwanza.

Mimba ya kwanza nilikwenda kujifungulia kwake, Marambo, kama tufanyavyo kwetu kwa mtoto wa kwanza. Kliniki walinipa vidonge hivihivi. Vilinichafua tumbo, choo kikawa cheusi kama mkaa, na mdomoni nikawa nasikia ladha ya msumari kutwa nzima. Isitoshe, mama na wanawake wenzake wa pale walikuwa na hakika kwamba vinamkuza mtoto tumboni mpaka ashindwe kutoka. "Vitamini hizo ni za kunenepesha," mama alisema. "Au unataka upasuliwe?" Sikutaka kupasuliwa. Nilivitupa chooni kimoja kimoja, na pakiti ya mwisho aliitupa mama kwa mkono wake.

Mtoto alikuja mdogo, wala hakunisumbua. Iliyonisumbua ni damu. Sikuwa nayo ya kupoteza, nayo ikatoka. Nakumbuka dari la hospitali ya kule Nachingwea, nakumbuka baridi miguuni, na nakumbuka muuguzi akimuuliza mama, "Alikuwa anameza vidonge huyu?" Mama aliangalia chini, hakujibu. Ndugu wawili wa mume wangu walitoa damu nikaongezewa, nikabaki. Mama hakulizungumza jambo lile hata siku moja. Alikaa nalo miaka miwili na zaidi, mpaka aliposikia nina mimba nyingine, ndipo akawafunga kuku wake wawili miguu na kuja.

Kwa hiyo nilifungua kinywa.

Na vilinisaidia, hilo nalo niliseme. Kufikia mwezi wa sita nilikuwa naweza kusimama ubaoni vipindi viwili bila kuona nyota. Kope zangu, ambazo muuguzi wa kliniki alikuwa anazivuta chini na kuguna, zilianza kuwa na rangi kwa ndani. Mama alifurahi kuliko mimi. Alianza kuwahubiria majirani habari za vidonge, yeye yule wa Marambo, na mwalimu mwenzangu alipopata kopo la vitamini za rangi rangi kutoka Dar es Salaam, mama alitaka nami ninunuliwe, ninywe vyote kwa pamoja ili damu ijae haraka. Nilimwambia mwili si gunia. Akanuna siku nzima.

Nimelifikiria sana jambo hili baadaye. Kwetu dawa inaogopwa. Dawa ya malaria, sumu ya panya, salfa ya kupulizia mikorosho, vyote hivyo tunaviweka juu, na mtoto akivisogelea anachapwa mkono. Lakini vitamini hatuzioni kuwa dawa. Tunaziona kama chakula kilichokaushwa, kitu ambacho kikizidi basi afya nayo imezidi. Hata binti yangu alilijua hilo kwa namna yake. Siku za kampeni ya afya ya watoto, muuguzi alipokata kile kidonge laini na kumkamulia matone ya vitamini mdomoni, watoto wengine walilia. Yeye alilamba midomo na kuomba tena.

Alikuwa na miaka miwili na miezi minane, na alimpenda bibi yake kwa wivu. Mama alimwita "mke mwenzangu", kama bibi wote wanavyowatania wajukuu zao wa kike. Kanga ya mama ilikuwa na mapindo mawili yenye kazi. La kushoto lilikuwa la mtoto, ndani yake mkikaa korosho za kuchoma au peremende. La kulia lilikuwa langu. "Mke mwenzangu, njoo uchukue haki yako," mama alikuwa akiita, na mtoto alikuja mbio, akakaa kitako na kulihangaikia lile fundo la kushoto kwa vidole vyake mpaka lilegee. Mama hakumsaidia. Alitaka ajifunze. Alipolifungua peke yake mara ya kwanza tulimpigia makofi, mimi nikiwa wa kwanza.

Jioni mtoto aliponiona napewa chekundu alilia naye anataka. Mama alimbembeleza: "Hii peremende ya mama, mwanangu. Ya kwako iko huku." Nilisikia. Nilisikia kila jioni kwa miezi miwili, na mimi ndiye niliyesoma.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mume wangu alikuwa ameshakwenda shambani kupulizia mikorosho. Mama alikwenda kuoga kwenye bafu la nyasi nyuma ya nyumba, akiwa amejifunga kanga nyingine. Ile ya mapindo aliiacha juu ya mkeka. Mimi nilikaa barazani na rundo la madaftari, kalamu nyekundu mkononi, nasahihisha hesabu za kugawanya ambazo nusu ya darasa walikuwa wamezikosea kwa namna moja, kana kwamba walikaa kikao.

Binti yangu alipita mbele yangu akiikokota kanga ya bibi yake begani. Alitembea kwa kujinyonga, mkono kiunoni, hivyo hasa anavyotembea mama. Nilimwona. Nilicheka, nikasema, "Haya, bibi mdogo huyo," kisha nikarudi kwenye hesabu. Akaenda zake nyuma ya banda la kuku.

Aliporudi midomo yake ilikuwa myekundu na vidole vyekundu. Nikafikiri ametafuna kalamu yangu ya akiba. Nilimgombeza, nikamfuta kwa upande wa gauni langu, nikaanza kuitafuta hiyo kalamu chini ya madaftari. Niliipoteza dakika ngapi kwa kutafuta kalamu, sijui. Yeye alisimama tu akilamba kidole. "Tamu," alisema.

Ndipo mama alipotoka bafuni akiuliza kanga yake iko wapi.

Tuliikuta nyuma ya banda. Fundo la kushoto lilikuwa limefungwa vilevile, halijaguswa. La kulia lilikuwa wazi. Mavumbini mlikuwa na vidonge viwili. Mama aliinama haraka kuliko nilivyopata kumwona, akavinyakua, akavifumbata.

"Amekula vingapi, mama?"

"Vitatu," alisema. "Vitatu, basi."

Mtoto alianza kutapika kabla bodaboda haijafika. Njiani kwenda Ruangwa mjini nilimpakata juu ya tumbo langu la miezi saba, mama akiwa nyuma yangu amenishikilia kiuno, na kila tulipopita kwenye shimo alinitapikia kifuani, maji ya rangi ya kutu. Kabla hatujafika akaharisha, choo cheusi chenye damu. Nilimwambia dereva akimbize. Halafu nikamwambia apunguze, kwa sababu tumbo lilikuwa linanikaza. Halafu nikamwambia akimbize tena. Maskini yule kijana alitii kila mara.

Daktari aliyetupokea alikuwa mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Aliuliza mtoto amemeza nini, nikamwambia. Aliuliza vingapi, nikamtazama mama.

"Vitatu," mama alisema.

"Una hakika, bibi? Vitatu?"

"Vitatu."

Alikunja uso, lakini alimwandikia dripu, akamchoma sindano ya kuzuia kutapika, akasema tutamwangalia. Tulikaa. Mama alikaa sakafuni karibu na mlango, ngumi moja imefumbwa mapajani, hataki maji, hataki kuongea. Nilidhani anasali. Mimi nilikuwa najisemea moyoni kwamba akifa huyu nami naondoka, na maneno hayo hayakunishangaza.

Ilipofika saa tisa mtoto akatulia. Kutapika kukakoma. Alikaa, akaomba uji, akaniuliza kuku wamekula. Nilicheka kwa sauti wodini mpaka wenzangu wakageuka. Miguu yangu ilikuwa imevimba, nguo zimenikaukia matapishi, na nilitaka kitu kimoja tu duniani, kurudi nyumbani na mtoto wangu mgongoni. Nilimwomba daktari aturuhusu.

Alimpima tena, akachukua kalamu.

"Kwa vidonge vitatu sina wasiwasi mkubwa," alisema. "Vingekuwa vingi nisingewaruhusu hata mngelia. Chuma kilichomo kwenye vidonge hivi kina tabia moja mbaya. Mtoto anatapika, halafu anatulia, mnafurahi mnakwenda nyumbani, na huku ndani kinaendelea kumla ini. Kikirudi hapo, mara nyingi hatuwezi kufanya kitu."

Aliinama kuandika.

"Daktari," mama alisema kutoka sakafuni. "Havikuwa vitatu."

Kalamu ikasimama.

"Fundo lilikuwa limejaa. Juzi nilitia na vile vya mwezi huu. Kavila vyote. Vimebaki hivi."

Akafumbua ile ngumi. Alikuwa amevishika vidonge viwili tangu asubuhi. Jasho lilikuwa limeiyeyusha ile sukari ya juu, na kiganja chote cha mama kilikuwa chekundu kama midomo ya mjukuu wake.

Daktari hakumgombeza. Aliondoka karibu kukimbia, na nikamsikia kwenye simu akiomba gari la wagonjwa, akiuliza hospitali kubwa kama ile dawa ya kutoa chuma mwilini wanayo. Mimi nilibaki nikimwangalia mama.

"Kwa nini?" nilimuuliza. Sikupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Kule Nachingwea waliniuliza nikanyamaza," alisema. "Leo wameniuliza tena, mwanangu. Mbele yako."

Gari lilipofika walisema msindikizaji mmoja. Nilipanda bila kugeuka. Lilipokata kona ndipo nilipomwona kwa dirisha la nyuma, amesimama getini na ile kanga mkononi.

Siku tatu zilizofuata sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka kwamba daktari alisema kweli: kilirudi. Mtoto aliyeomba uji akawa hanitambui. Macho yakawa ya manjano. Mikono ikawa ya baridi, ileile baridi niliyokuwa naijua miguuni mwangu. Walimtundikia ile dawa, mkojo wake ukatoka wa rangi ya kutu, na muuguzi akaniambia nifurahi, hicho ndicho chuma chenyewe kinatoka. Nikawa naukodolea macho mfuko wa mkojo kutwa nzima. Mume wangu alikuja na vumbi la salfa bado limemganda nyusini, akakaa upande wa pili wa kitanda.

Siku ya pili niliomba dua ambayo sijawahi kumwambia mtu. Nilimwambia Mungu amchukue aliye tumboni aniachie huyu. Mara mtoto wa tumboni akageuka, teke moja zito chini ya mbavu, nikaogopa. Nikaanza kuomba upya, kuomba isisikike ile ya kwanza. Sikuwa na akili. Nilikuwa mwanamke anayejaribu kuwapatanisha watoto wake wawili na kifo, na kila upande niliokwenda nilikuwa namsaliti mmoja.

Jioni hiyo muuguzi mmoja mtu mzima alinivuta kope chini, akaguna. Aliniletea kidonge na kikombe cha maji. Chekundu. Kilekile.

"Sitaki," nilimwambia. "Kiondoe mbele yangu."

"Mama, sikiliza," alisema. "Mwanao kameza vya zaidi ya mwezi kwa mkupuo, na ana kilo kumi na mbili. Wewe nakupa kimoja. Usipomeza nitakuwa na wagonjwa wawili kitanda kimoja, na mimi niko peke yangu zamu hii."

Nilimeza huku nikimwangalia binti yangu. Ladha ya msumari ilinijaa mdomoni. Hapakuwa na mtu wa kuniambia nifungue kinywa.

Siku ya tatu jioni alifumbua macho akasema ana kiu. Alisema kwa hasira, kama mtu aliyecheleweshwa. Sikuamini mpaka kesho yake mchana, kwa kuwa nilishadanganywa na utulivu mara moja. Lakini ini lilipona, polepole, na baada ya wiki mbili tulirudi Nandagala akiwa mwepesi kama kuku aliyeugua mdondo, lakini yuko hai.

Mama alikuwa amefagia uwanja wote. Alikuwa amepika. Alimpokea mtoto, akamkumbatia kwa muda mrefu. Mtoto aliteremka magotini pake, akaanza kazi yake. Alishika pindo la kushoto. Halina fundo. Akazunguka, akashika la kulia. Halina. Kanga yote ilikuwa imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, haina hata mkunjo. Mtoto akanyoosha mkono. "Bibi, haki yangu." Mama akaniangalia mimi, kama anayeomba ruhusa.

Neno moja lingetosha. Ningesema mpe korosho. Niliangalia pembeni.

Kesho yake asubuhi alirudi Marambo. Ndugu wa mume wangu walikuwa wameshaanza kusema kwamba bibi amemlisha mtoto sumu na kisha akaficha, nami niliwaacha waseme. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, "Ile kanga mtoto aliichukuaje bila mtu kuona?" Nilimjibu, "Nilikuwa nasahihisha madaftari." Ni kweli, nilikuwa nasahihisha.

Vidonge mume wangu aliviweka kwenye kopo la mfuniko wa kukaza, akalitundika juu kabisa kwenye boriti. Nilimeza kila siku mpaka mwisho. Nilijifungua mtoto wa kiume, na damu ilitoka ya kawaida. Mkunga alinipigapiga paja akasema, "Hongera, mama, wewe ulimeza vidonge, inaonekana." Nikalia kilio ambacho yeye alidhani ni cha furaha.

Mama alikuja siku ya arobaini. Alikuja na kuku mmoja, na korosho za kuchoma kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza. Binti yangu aliizungusha chupa, ikamshinda, akampa bibi yake. Mama hakuifungua. Alininyooshea mimi nifungue. Nilifungua, nikatoa korosho chache, nikashika pindo lake ili nizifunge kwa mkono wangu. Akalivuta pindo taratibu, akalikunja chini ya mapaja, akalikalia.

Nilijua hapo ndipo pa kusema. Mama, siku ile nilimwona. Alipita mbele yangu na kanga yako begani, nikacheka, nikamwacha aende. Maneno si mengi. Nilikuwa nimeyapanga tangu wodini.

"Vidonge bado unameza?" mama aliniuliza. Hapo ndipo nilipoisikia sauti yake ya zamani kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Walisema umeze mpaka mtoto afikishe miezi mitatu."

"Nameza. Cha leo nimekunywa sasa hivi, kabla hujaingia."

Alinitazama kidogo, kama asiye na uhakika kama bado ana haki hiyo.

"Fungua kinywa," alisema.

Nilifungua, nikainua ulimi. Mama aliinama, akachungulia upande huu na upande huu, akaridhika kwamba sijaficha kitu.